Mwenyewe Yupo

Bibi yangu Stefania hakuwa mtu wa kusimama foleni. Nalisema hili bila woga kwa sababu mimi ni mjukuu wake, na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Naweza kumsema hadharani na asinifanye kitu. Yeye mwenyewe aliniita "mume wangu" tangu nikiwa mgongoni, na kila nilipomuudhi alitishia kurudi kwao. Kwao kulikuwa Mahenge, na nauli hakuwa nayo, kwa hiyo ndoa ilidumu.

Si kwamba foleni hazikuwepo. Ifakara ya miaka ile ya tisini ilijaa foleni kuliko baiskeli, na baiskeli zilikuwa nyingi kweli. Palikuwa na foleni ya bomba pale kwetu Mlabani, foleni ya mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Nikodemu, foleni ya dirisha la tiketi stesheni, na ile kubwa yao, ya kuvuka mto pale Kivukoni, ambayo watu waliikuta asubuhi wakaagana jioni wakiwa wamezoeana kiasi cha kuposeana watoto. Bibi alihudhuria zote. Alifika mapema, akavua ngata kichwani, ile pete ya kitambaa ya kubebea mzigo, akaiweka chini nyuma ya ndoo ya mtu wa mwisho, akaenda zake kupika, kupalilia, au kusengenya. Akirudi anaikuta ngata imesogea mpaka mbele, imesogezwa na watu.

Mtindo huo hakuuanzisha yeye. Kila mtu aliweka kitu: jiwe, kopo, kandambili ya mguu mmoja. Lakini jiwe ni jiwe, mtu akitaka anaweza kusema limejikalia tu. Ngata ya Bibi ilikuwa ya kanga nyekundu, imesokotwa na kukazwa kwa ukindu, na mji mzima uliijua. Mgeni akiuliza hii ni ya nani, aliye karibu anajibu, "Mwenyewe yupo." Hakuna aliyeuliza yupo wapi. Yupo, basi.

Barnaba, fundi baiskeli, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuisukuma kando ngata hiyo kwa mguu, siku moja bombani, akachota maji kabla ya Bibi. Bibi hakumgombeza. Ila kwa muda mrefu baada ya hapo, kila alipopita kwenye kibanda cha Barnaba alisimama akazisalimia baiskeli kwa majina yake ya kiwandani. "Hujambo, Foniksi. Umeamkaje? Haya, wasalimie na wenzako." Barnaba alikuwa amekaa palepale na spana mkononi, hakupata hata kuangaliwa. Watoto wakaanza kumwita Foniksi, na jina likamganda mpaka leo, hata mkewe analitumia.

Sasa nieleze kwa nini mimi nililelewa na Bibi, maana bila hilo safari yake ya Ulaya haitaeleweka. Mama yangu aliitwa Digna, alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, na aliolewa Lupiro, ng'ambo ya mto. Alipokaribia kujifungua mimi, Bibi alifunga safari kwenda kumpokea mzazi, kama ilivyo wajibu wa mama kwa mimba ya kwanza ya bintiye. Ilikuwa masika. Nyumbani ilisemwa hivi, nami nilikua nikiamini hivi: mto ulijaa, kivuko kikasimama, Bibi akakwama upande wetu. Alipofika ng'ambo, mimi nilikuwa nimeshazaliwa na mama alikuwa ameshazikwa. Alinifunga mgongoni akarudi nami Mlabani. Watu waliendelea kumwita Mama Digna, naye aliendelea kuitika.

Mwaka tisini na sita, nikiwa sekondari, mama yangu mdogo Violeth alipiga simu posta, Bibi akaitwa. Violeth alikuwa muuguzi. Alikwenda Ulaya kusoma, akaolewa hukohuko na fundi seremala mmoja mrefu ambaye sisi tulimjua kwa picha ya harusi iliyomkata kichwa. Miaka ilipita bila mtoto, Bibi akawasha mishumaa kanisani mpaka padre akamwambia apunguze. Sasa mimba ilikuwa imeingia na ilikuwa kubwa. Violeth alisema mumewe ameshalipa tiketi. Nilikuwa nimesimama karibu na nilimsikia Bibi akijibu kwa sauti ya watu wanaoamini kwamba simu ya mbali inataka kupigiwa kelele.

"Nakuja. Safari hii nakuja."

Posta nzima ilisikia. Sikulitia maanani lile neno "safari hii."

Maandalizi yalichukua kikapu kimoja cha ukindu na washauri wengi. Ndani ya kikapu viliingia mchele wa shamba letu la Mbingu, unga wa ulezi, pilipili manga ya uji wa mzazi, samaki mkavu aliyefungwa kwa magazeti, na kanga mbili kuukuu laini za kumfunga Violeth tumbo baada ya kukandwa. Nilimwambia, "Bibi, Ulaya mchele upo."

"Wa wapi?"

"Sijui. Labda wa Kichina."

"Mzazi halishwi mchele ambao haujulikani ulikotoka, mume wangu. Shika huo mdomo wa kikapu nifunge."

Mshauri mkuu alikuwa Mwalimu Evarist, mstaafu, jirani yetu, aliyewahi kupanda ndege mara moja kutoka Dar kwenda Songea na akaishi na sifa hiyo kuliko na pensheni. Alikuja jioni na kigoda chake mwenyewe, kana kwamba kwetu hatukuwa na vigoda, akamweleza Bibi mambo ya angani.

"Ndege ni kama treni yetu, Mama Digna," alisema. "Tofauti ni kwamba haina stesheni za katikati. Anayewahi mlangoni anapata kiti. Anayechelewa anasimama mpaka mwisho wa safari, na ikijaa sana anaachwa."

Inawezekana katika kile kindege chake watu walikaa walipopenda, sitaki kumwita mzee wa watu mwongo. Lakini Bibi alimeza maneno hayo yote, hasa hilo la kuachwa. Usiku ule nilimsikia akisali rozari mpaka mafungu yakaanza kujirudia.

Alikwenda Dar kwa treni. Huko alipokewa na Faustin, mtoto wa kaka yake, karani mtulivu asiye na ubavu wa kumbishia shangazi. Ndege ilikuwa ya usiku; Bibi alimlazimisha wafike uwanjani asubuhi. Kaunta ilikuwa imefungwa, Bibi akaweka ngata mbele yake, akaenda kukaa kivulini nje. Faustin, kwa aibu, alisimama kando ya ngata hiyo kutwa nzima ili ionekane kuna mtu. Bibi aliposafiri na kupewa kiti cha dirishani, alijua Mwalimu Evarist amesema kweli na ngata imefanya kazi yake. Mtu akifanikiwa kwa njia mbaya, ndiyo basi tena, humwambii kitu.

Ndege hiyo, baada ya kutua na kukawia njiani, ilimshusha kesho yake jioni kwenye uwanja mmoja mkubwa wa huko ambao jina lake Bibi alikuwa na namna tatu za kulitamka, na zote tatu, kwa maelezo ya Violeth, si zenyewe. Hapo alitakiwa abadilishe ndege. Ya pili, ndogo, ingeondoka asubuhi, kwa hiyo ilimpasa alale palepale uwanjani. Violeth alishamwonya kwa simu: usitoke nje, usimfuate mtu, dada wa uwanjani atakuonyesha mlango wako, ukae hapo mpaka kuche. Dada wa uwanjani alimwonyesha mlango kweli, akamwonyesha na viti, akaweka viganja shavuni kumaanisha lala, akaondoka. Bibi alimwona ana adabu ila amekonda.

Alianza kwa kukagua makazi. Alikuta choo chenye mabomba yamejipanga ukutani, kila moja linatoa maji ukilinyooshea mkono, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Jambo hilo lilimsikitisha. Alituambia kwamba kule mabomba ndiyo yanayopanga foleni kungoja watu. Alinawa uso, akanawa na miguu humohumo kwenye beseni, akatoka akiwa mtu mpya.

Kisha akaenda kuukagua mlango wake. Mbele yake palikuwa na meza ndefu tupu, na mbele ya meza hapakuwa na ndoo, wala jiwe, wala kopo. Wasafiri wachache walikuwa wamelala kwenye viti mbalimbali, vinywa wazi, hawana habari. Bibi hakuamini bahati yake. Aliweka kikapu chini, mbele kabisa ya meza, akakilaza vizuri, akaiweka ngata nyekundu juu yake ili pasiwe na ubishi. Akaangalia kushoto na kulia kama kuna mtu wa kumkabidhi. Alimwona baba mmoja aliyekuwa macho, akamwambia kwa Kiswahili kizuri, "Mimi nipo hapo nyuma," akamwonyesha kidole. Yule baba aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kwa Bibi, hayo yalikuwa makabidhiano kamili.

Akaenda nyuma ya nguzo, karibu na dirisha lililokuwa na chuma cha kutoa joto, akatandika kanga, akajifunika nyingine, akaomba Mungu amfikishe kabla ya mtoto. Akalala fofofo, maana nguzo ilikuwa pana na chuma kilikuwa na moto mzuri.

Alipoamka, ukumbi ulikuwa hauna watu. Viti vyote vitupu. Vipaza sauti vilikuwa vinasema jambo lilelile kwa lugha nyingi, na katika hizo zote hapakuwa na ya kwake. Alichungulia kutoka nyuma ya nguzo. Kwa mbali, watu wote waliokuwa wamelala walikuwa wamesukumwa nyuma ya utepe, wamesimama wanakodoa macho. Polisi walikuwa wamejipanga, wana mbwa. Na katikati ya sakafu yote ile, peke yake, kikapu chake na ngata juu.

Hapa ndipo ninapompendea bibi yangu. Mtu mwingine angeogopa. Yeye alijawa na fahari. Alisema moyoni kwamba Wazungu ni watu wa maana. Tazama walivyoiheshimu ngata ya mtu, mpaka wameweka na askari wa kuilinda. Alimkumbuka Barnaba akamhurumia.

Fahari hiyo ilidumu mpaka alipotokea mtu mmoja amevaa nguo nene kutoka utosini hadi vidoleni, na kioo usoni, anatembea polepole kukiendea kikapu kama mrina asali anayeuendea mzinga mkali. Bibi hakujua huyo anataka nini, lakini alijua anakaribia mchele wa mzazi. Akatoka nyuma ya nguzo na kanga zake, nywele zimelala upande, akasema kwa sauti ile ya simu ya posta:

"Mwenyewe yupo!"

Kelele zilizofuata hakuwahi kuzieleza vizuri. Polisi walipiga makelele, mbwa wakabweka, mrina asali akaruka nyuma. Askari wawili walimdaka Bibi mikono, mmoja huku mmoja huku, si kwa ubaya, akakiri mwenyewe, lakini si kwa mzaha pia. Mkubwa wao akawa anamuuliza maneno usoni. Bibi aliona si adabu kutomjibu mtu mwenye cheo, na lugha ya Ulaya aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, Kilatini cha misa ya zamani. Akamjibu, "Et cum spiritu tuo," yaani, na awe pia rohoni mwako. Mkubwa akanyamaza. Bibi anaamini alikuwa Mkatoliki.

Aliyeokoa jahazi alikuwa msichana wa kufagia, mweusi, amevaa sare ya rangi ya chungwa, aliyepita chini ya utepe akiwa ameinua mikono juu na fagio bado liko mkononi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi anasema hapo aliwasahau polisi. Alikuwa hajasikia shikamoo tangu Dar.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Shinyanga, bibi. Naitwa Nyamizi. Nasoma huku, usiku nafanya usafi."

"Msukuma," alisema Bibi, askari bado wamemshika. "Ng'ombe umewaacha wapi?"

Ni lazima mjue kwamba shamba letu la Mbingu lilipakana na boma la mzee Sayi, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake, na ng'ombe hao walishaingia kwenye mpunga wa Bibi wakala mpaka wakalala. Sayi alikuja kuomba radhi na kibuyu cha maziwa, wakapatana, wakawa marafiki wa kutaniana. Lakini tangu siku ile, kwa Bibi, hakuna Msukuma asiye na ng'ombe waliojificha mahali. Nyamizi, ambaye miaka kadhaa baadaye alikuja kututembelea na kunisimulia upande wake, alisema alicheka mpaka fagio likamponyoka, na polisi walipomwona anacheka ndipo walipoanza kulegeza mikono.

Akamweleza Bibi. Kule, mzigo ulioachwa peke yake uwanjani ni mzigo wa kuogopwa, labda umetegwa bomu.

"Bomu? Mchele?"

"Hawajui ni mchele, bibi. Hawajaona mwenyewe."

"Lakini ngata ipo juu. Si wameiona?"

"Wameiona, bibi. Ila ngata hawaijui. Kwao, kama mtu hayupo, hayupo."

Nyamizi anasema baada ya maneno hayo Bibi aliacha hata kuchungulia kikapu, na yeye Nyamizi alidhani mama wa watu ameanza kuogopa.

Kikapu kilifunguliwa. Mchele ulipekuliwa kwa vidole, unga ukanuswa. Mbwa mmoja alitia pua kwenye pilipili manga akapiga chafya mfululizo mpaka akatolewa nje. Mwenzake alitaka samaki, akakatazwa. Mkubwa wa polisi aliinyanyua ngata kwa ncha za vidole akauliza hii ni kitu gani. Bibi hakusubiri tafsiri. Aliichukua, akaiweka kichwani, akajitwika kikapu, akatembea nacho mpaka mezani na kurudi bila kukigusa. Kijana mmoja wa polisi akapiga makofi, mkubwa akamtazama, akaacha. Wakamwachia Bibi na mizigo yake yote, wakamwonya kupitia Nyamizi asiache kitu tena, utepe ukatolewa, watu wakarudi kwenye viti vyao wakinung'unika. Yule baba aliyekabidhiwa kikapu hakumtazama Bibi usoni.

Nyamizi akamwambia sasa apumzike, akamvutia kiti.

"Sikai," alisema Bibi. Akaenda mpaka pale mbele ya meza, mahali kilipokuwa kikapu, akasimama.

"Bibi, asubuhi bado mbali."

"Nitaiona ikifika."

"Na ndege hazina foleni hivyo. Kila mtu ana kiti chake. Kimeandikwa kwenye tiketi yako, hebu tazama, hiki hapa."

"Mwalimu Evarist alipanda ndege," alisema Bibi. "Nina mtoto anazaa, Nyamizi. Niache nisimame."

Na akasimama. Kikapu kichwani, kwa sababu chini hakitakiwi na mkononi ni kizito, mikono imekunjwa kifuani, mbele ya meza isiyo na mtu na mlango uliofungwa, mwanamke ambaye Ifakara nzima haikuwahi kumwona amesimama foleni hata ya komunyo bila kutanguliza kitambaa. Nyamizi alifagia upande huu akarudi, akafagia upande ule akarudi, Bibi amesimama. Alimletea chai, akainywa amesimama. Mwisho yule msichana aliegemeza fagio ukutani akaja kusimama nyuma yake, wakawa wawili, wakaongea habari za mpunga na ng'ombe mpaka kulipopambazuka na dada wa mezani akaja akakuta foleni ya watu wawili, mmoja wao hasafiri.

Kiti cha Bibi kilikuwa cha nyuma kabisa, karibu na choo.

Alifika. Violeth alimpokea na tumbo limetangulia, mtoto hajazaliwa. Bibi alipika uji siku hiyohiyo kwa tahadhari. Mtoto hakuja siku hiyo, wala ya pili, wala juma lile lote. Madaktari wakaanza kukuna vichwa. Bibi alisema huyo naye ameweka ngata yake amekwenda zake kutembea, atarudi zamu ikifika. Alipozaliwa, Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, hakuondoka hata kwenda kula. Ni msichana. Wakampa jina la Digna.

Alirudi Mlabani baada ya miezi mitatu, amenenepa, ana koti ambalo Ifakara halina kazi. Tulitegemea hadithi na tulizipata. Kile ambacho hatukukitegemea tulikiona siku niliyompakilia gunia la mpunga kwenye baiskeli kwenda kwa mzee Nikodemu. Watu walikuwa wengi. Bibi alifika mwisho wa foleni, nikangoja avue ngata. Hakuvua. Alisimama.

Mji ulisema Ulaya imemharibu. Mzee Nikodemu alizima mashine akatoka nje na vumbi la pumba kichwani kuja kushuhudia. Barnaba alipita akasema kwa sauti, "Mama Digna leo kawa nguzo," na Bibi, cha ajabu, akamsalimia kwa jina lake. Mimi, kama mume, niliona nimepata nafasi yangu.

"Mke wangu, wale polisi wamekunyang'anya nini? Weka ngata twende tukakae. Mwenyewe si yupo?"

Hakucheka. Alisema, "Viktor." Alikuwa haniiti Viktor ila kanisani na nikiumwa.

"Siku ile pale Kivukoni," alisema, "mto ulijaa, kweli. Lakini jioni mvua ilipungua, na Raimundi akasema atajaribu kuvusha watu wachache na mtumbwi wake. Mimi nilikuwa wa kwanza. Ngata yangu ndiyo iliyokuwa mbele. Mwenyewe nilikuwa kwa dada yangu Oliva, nakausha nguo, nakunywa chai. Waliuliza hii ya nani, mtu akawajibu, mwenyewe yupo. Wakaningoja kidogo. Halafu giza likaanza, Raimundi akaondoka na waliokuwepo. Walifika Lupiro usiku uleule. Mimi niliporudi pale, mvua imeshuka tena, na ngata yangu bado ni ya kwanza."

Mashine ilikuwa imewashwa tena, ilibidi anikaribie sikioni.

"Niliwaambia watu mto ulijaa. Na nisingeweza kuacha kuweka ngata, maana wangeniuliza kwa nini nimeacha. Yule mtoto wa Shinyanga aliniambia jambo dogo tu, kama mtu hayupo, hayupo. Nilikuwa nalijua tangu siku umezaliwa."

Sikumuuliza kama angevuka ingekuwaje. Yeye hajui, na mimi sijui, na mkunga aliyekuwepo alishakufa. Nilimpenda bibi yangu pale kuliko siku zote, na nilikuwa na uchungu naye, vyote pamoja. Nilimtazama miguu. Ilikuwa imevimba; tangu kusimama kule uwanja wa ndege haikuwa imekaa sawa. Nikamvua ngata kichwani polepole, nikaiweka kichwani kwangu.

"Kaa chini, mke wangu," nilimwambia. "Leo ngata ni mimi."

Alisita. Kisha akaenda kukaa juu ya gunia la pumba kando ya mlango, akanyoosha miguu, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Foleni ilisogea, nikasogea nayo. Mama mmoja mgeni aliyekuwa nyuma yangu akaona nafasi imebaki mbele yangu, kwa sababu sikuthubutu kuichukua nafasi ya Bibi, akaniuliza hapo mbele pana nani.

"Mwenyewe yupo," nilimjibu, na nikamwonyesha kwa kidole alipokaa.